Ndoto yangu moja, majibu sita: upeleke wapi ndoto yako ukitaka kujijua?

Niliota nipo kwenye vichanja vyangu vya kuanikia dagaa pale Katonga, Kigoma. Mvua inanukia, nami nakusanya dagaa mbio mbio kwa kanga kabla hawajalowa. Kila ninapoinua kanga, nainua maji matupu. Upande wa pili wa kichanja amekaa mwanamke mmoja tunayefanya naye biashara, ambaye siku hizo tulikuwa hatusemeshani. Amevaa kiatu changu kimoja. Anakula dagaa wangu wabichi, mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu aliye kwake. Nikataka kumfokea, sauti ikagoma. Nikaamka saa kumi na robo alfajiri, moyo unadunda, na nje hakuna mngurumo wa boti hata moja.

Boti hazikuwepo kwa sababu ziwa lilikuwa limefungwa. Ilikuwa Juni 2024, katikati ya ile miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi wa Ziwa Tanganyika uliposimamishwa ili samaki wapate kuzaliana. Sisi tunaoishi kwa dagaa tulibaki na vichanja vitupu na madaftari yaliyojaa madeni. Usingizi tulikuwa nao wa kutosha. Na ndoto zilikuja.

Hiyo ya kiatu ilinikaa kooni. Niliisimulia kwa watu, kila mtu akanipa jibu lake, na majibu yakapingana. Ndipo nikaanza kutafuta na kusoma, nikaipitisha ndoto ileile moja kwenye kila njia niliyoikuta. Hapa naziweka njia hizo bega kwa bega, kwa ajili yako uliyeamka na ndoto yako na hujui pa kuipeleka. Swali ninaloziuliza zote ni hili: nikishasikia jibu, nimejijua zaidi, au nimepata tu mtu wa kumlaumu?

Jirani na kijitabu cha tafsiri

Mama mdogo, niliyemsimulia wa kwanza, hakungoja nimalize. "Huyo anakula biashara yako. Umeshaonyeshwa, unataka nini tena?" Jirani yetu aliyekuwa akipeta mchele akakataa: samaki ni riziki, na samaki mbichi ni riziki iliyo karibu. Wawili hao walipingana kwa jibu, lakini njia yao ni moja. Kila kitu cha ndotoni kina maana iliyokwisha kupangwa, kazi ni kukumbuka orodha, ile iliyochapwa kwenye vijitabu vya tafsiri ya ndoto. Ukiota meno yanang'oka, msiba. Ukiota harusi, msiba vilevile. Nyoka, adui.

Njia hii ni ya haraka, haina gharama, na inampa mtu la kushika asubuhi akiwa na hofu. Siidharau, bibi yangu aliishi nayo maisha yake yote. Ila ina upungufu mkubwa kwa anayetaka kujijua, kwa sababu haimuulizi mwotaji neno. Meno ya mzee mwenye ufizi uliovimba na meno ya binti anayesubiri matokeo ya mtihani yanapewa jibu moja. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Israeli waliwauliza watu kuhusu ndoto za meno, wakakuta kwamba ndoto hizo zinaendana na ukakasi wa meno, fizi na taya mtu anapoamka kuliko na dhiki ya moyoni. Yaani huenda aliyeota meno amelala akiyasaga. Kijitabu kitampeleka kwenye matanga, kumbe angekwenda kwa daktari wa meno.

Kuna jambo zito zaidi, na hapa sitasema kwa upole. Jibu la mama mdogo lilikuwa na jina la mtu ndani yake. Ningelipokea, ningeamka siku hiyo nikiwa na adui niliyemwona usingizini. Huku kwetu magharibi na kanda ya ziwa tunajua vikongwe wangapi wamezikwa kwa tuhuma za uchawi ambazo hazikuwa na ushahidi zaidi ya macho mekundu na maneno ya watu. Ndoto haiwezi kuwa shahidi dhidi ya mtu aliyelala kwake usiku huohuo. Njia yoyote ya kusoma ndoto inayomalizika kwa "fulani ndiye", iache hapohapo.

Shehe

Shehe wa mtaa wetu wa Ujiji aliuliza kwanza, "Umeshawasimulia wangapi, binti yangu?" Nikasema wanne. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza alichofundishwa: ndoto ni za namna tatu. Iko njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, iko ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na iko ile ambayo ni nafsi ya mtu inajizungumzia mambo yaliyoishughulisha mchana. Ya kuhuzunisha haisimuliwi. Unajikinga kwa Mungu, unatema kidogo kushotoni mara tatu, unageuka ubavu, na haikudhuru. Yangu aliiweka kwenye namna ya tatu. "Ziwa limefungwa, una madeni, mwenzako hamsemezani. Nafsi yako isiseme?"

Nilimuuliza kuhusu Ibn Sirin, ambaye jina lake liko kwenye vitabu vingi vya tafsiri. Alifariki Basra mwaka 110 wa Hijria, sawa na 728 au 729, na vitabu vingi vinavyouzwa kwa jina lake vilikusanywa na watu wengine baada yake. Lakini kuna kisa kinachosimuliwa juu yake ambacho kwangu kina thamani kuliko orodha nzima. Watu wawili walimjia, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akaambiwa atahiji. Mwingine akaambiwa atashikwa na wizi. Walioshangaa wakajibiwa kwamba alitazama hali ya kila mtu, si adhana. Hata yule ambaye jina lake limefanywa kuwa kamusi, anasimuliwa kama mtu aliyemsoma mwotaji kwanza.

Njia ya shehe inalinda. Inafunga ulimi kabla haujamjeruhi mtu, na inamrudisha mwenye hofu kitandani. Ukiwa na ndoto ya kutisha iliyokuja mara moja tu, na wewe ni mtu wa dini, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi. Lakini nafsi yangu ilikuwa inasema nini? Hapo alinyamaza, kwa adabu, akaniachia mwenyewe.

Freud: sema lolote linalokuja

Daktari wa Vienna, Sigmund Freud, alianza na ndoto yake mwenyewe. Usiku wa tarehe 24 Julai 1895 alimwota mgonjwa wake aliyempa jina la Irma, ambaye matibabu yake hayakuwa yamefanikiwa vizuri. Ndotoni akamkagua koo, madaktari wenzake wakakusanyika, na mwisho ikaonekana ugonjwa umeletwa na mwenzake mmoja aliyechoma sindano na bomba chafu. Freud alipoamka akaichambua kipande kwa kipande, akakiri alichokiona: alikuwa anatamani lawama zitoke kwake ziende kwa mtu mwingine. Kitabu chake juu ya ndoto kilitoka Novemba 1899, jalada likiwa na mwaka 1900, na ndoto hiyo ndiyo aliyoitumia kuonyesha njia yake.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Ndoto iliyomtupia mwenzake kosa, naye akakataa kuiamini juu juu! Mama mdogo angemwambia Freud kwamba sasa amemjua adui yake.

Njia yenyewe inaelezeka kwa urahisi, ugumu uko kwenye kuitenda. Unachukua kila kipande cha ndoto peke yake, kisha unasema lolote linalokujia, bila kuchuja na bila kuona aibu. Kwake ile hadithi tunayoikumbuka asubuhi ni nguo tu. Chini yake kuna matamanio ambayo mchana hatuthubutu kuyakiri. Nilijaribu jioni, peke yangu, nikiwa nimefunga mlango. Dagaa hawakunipa kitu. Mvua haikunipa kitu. Nikasema "kiatu," na machozi yakatoka kabla ya maneno.

Darasa la tatu mimi na dada yangu tulikuwa na jozi moja ya viatu. Yeye alisoma asubuhi, mimi mchana. Tulikutana njiani chini ya mwembe, anavua, navaa. Siku alizochelewa nilikwenda peku. Baadaye alichukuliwa na shangazi kwenda kusoma Tabora, akapanda treni na viatu vikaenda naye, nami nikabaki kumsaidia mama mwaloni, pale boti za samaki zinapotua. Sikulalamika. Nyumbani kwetu mtoto mwema hatangulii wenzake kula, na mimi nilikuwa mtoto mwema. Miaka zaidi ya ishirini baadaye naota mtu amevaa kiatu changu, anakula peke yake, wala hamwogopi mtu.

Kwa hiyo Freud alinifikisha mahali ambapo kijitabu kisingenifikisha. Lakini nina mawili ya kusema dhidi yake. Alipenda mno kuona tamaa za mwili nyuma ya kila kitu, na ukishaamini kwamba kila ndoto ni tamaa iliyofichwa hakuna ndoto itakayokukatalia. La pili ni la kawaida zaidi: yeye aliwaona wagonjwa wake karibu kila siku ya juma. Kufukua namna hiyo bila mtu wa kukaa nawe kunaweza kukuacha na jeraha wazi usiku wa manane. Mimi nililia siku mbili. Kama una msiba mbichi, au kuna jambo la utotoni unalojua lina makali, usiifanye njia hii peke yako.

Jung, na swali lake juu ya watu wa ndotoni

Carl Gustav Jung, Mswisi, alikuwa mwanafunzi mpendwa wa Freud hadi walipoachana mwaka 1913. Namtaja kwa kirefu kwa sababu mbili. Ya kwanza, alifika kwetu Afrika Mashariki. Mwishoni mwa 1925 alipanda kwenda Mlima Elgon akakaa na watu wa huko, wakafanya mashauri, naye akitumia Kiswahili alichokuwa amejifunza. Aliwauliza kuhusu ndoto. Mzee mmoja, mganga wao, alimjibu kwa huzuni kwamba zamani waganga walikuwa na ndoto, wakajua kama kuna vita, maradhi, au kama mvua itakuja. Lakini tangu wazungu waje hakuna anayeota tena, ndoto hazihitajiki, kwa kuwa sasa Waingereza wanajua kila kitu.

Jibu hilo nimelibeba kwa muda mrefu. Mzee alikuwa anaeleza kitu ambacho mtu hupoteza pale mamlaka ya kujua yanapohamia kwa mwingine. Nawaona hata leo watu wanaopeleka ndoto kwa mtu anayetoa tafsiri redioni au mtandaoni, wanasikiliza kwa dakika moja, wanalipa, wanaondoka. Wanachokwenda kuuliza wamekibeba wao wenyewe.

Sababu ya pili ni swali lake. Jung aliona kwamba watu wa ndotoni wanaweza kusomwa kwa namna mbili: kama wao wenyewe walivyo, au kama vipande vya nafsi ya mwotaji. Ukiota mtu ambaye ni karibu nawe sana kila siku, huenda ndoto inamhusu kweli. Ukiota mtu wa mbali, au mtu unayemchukia kuliko alichokutendea, jiulize ni kipande gani chako amekibeba. Kile tunachokikataa ndani yetu na kukiona kwa wengine alikiita kivuli. Tena aliamini ndoto husawazisha, kama mpiga kasia anavyoegemea upande mwingine mtumbwi unapolala: ukizidisha jambo mchana, usiku unaletewa kinyume chake.

Basi nikachukua karatasi nikaandika maneno matatu juu ya yule mwanamke, yale ya kweli ya moyoni. Mchoyo. Mzembe. Hajali watu. Kisha nikajiuliza, haya kwangu yanakaa wapi?

Jibu la kwanza lilikuwa "hayapo". Nilikaa nalo siku nzima. Usiku nikafungua daftari la madeni. Kulikuwa na watu wanaodaiwa tangu 2022 ambao sijawahi kuwagongea mlango. Nilikuwa nawaita watu wangu. Nilikuwa najiita mwema. Yule mwenzangu anadai deni lake siku ileile, mbele za watu, halafu anakaa chini ya mwembe anakula chakula chake kikiwa cha moto. Nilichokuwa namchukia ni kule kukaa. Miaka yote sijawahi kukaa. Ndoto ilinionyesha mtu anayekula bila haraka na ikamvalisha kiatu changu nisije nikakosea ni wa nani.

Sikugeuka kuwa mchoyo. Nilichofanya ni kuwatembelea wadaiwa sita ndani ya wiki ile, na wawili wakalipa.

Hata hivyo njia hii ina mahali pake pa hatari. Kama kuna mtu anakupiga, anakutisha, anakudhulumu kweli, na wewe unamwota, tafadhali usiambiwe ni kivuli chako. Huyo ni mtu, na lipo dawati la jinsia polisi, wapo ndugu, yupo mwenyekiti wa mtaa. Swali la Jung ni la chuki isiyo na sababu ya kutosha. Pia wapo wafuasi wake wanaopaa hadi kwenye ngano za Wagiriki kabla hawajauliza mwotaji anafanya kazi gani. Ukiona hivyo, rudi kwenye kiatu.

Wanaosema ni ubongo tu

Mwaka 1953 huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo macho hucheza haraka chini ya kope, na mtu akiamshwa hapo mara nyingi ana ndoto ya kusimulia. Vipindi hivyo hurudi kila baada ya takriban dakika 90, na kadiri alfajiri inavyokaribia ndivyo vinavyorefuka. Mwili wakati huo umelegezwa, misuli haitii, na ndiyo sababu ukizinduka katikati unahisi jinamizi limekukalia kifuani. Mwaka 1977 Allan Hobson na Robert McCarley wa Harvard wakasema ndoto ni jitihada ya ubongo kutengeneza hadithi kutokana na ishara za vurugu zinazotoka shina la ubongo.

Wengine wameichukua hoja hiyo kama ruhusa ya kutupa ndoto zote. Sikubaliani nao. Hobson mwenyewe aliandika ndoto zake kwa miaka mingi. Hata kama ubongo umepewa vurugu, hadithi iliyoshonwa juu yake imeshonwa na mimi, kwa vitambaa vya kabati langu.

Faida kubwa ya upande huu ni kukukumbusha mwili. Kabla ya kutafsiri, uliza: nina homa? Nimeanza dawa mpya? Mefloquine ya malaria inajulikana kwa kuleta ndoto kali, na efavirenz, iliyotumika sana kwenye ARV kabla ya dolutegravir, vilevile. Mtu anayeota moto na vita wiki ile alipobadilishiwa dawa anahitaji kuzungumza na mhudumu wa afya kwanza.

Daftari

Hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo niliyobaki nayo.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Calvin Hall, alichoka na tabia ya kuchukua ndoto moja ya ajabu na kuisokota hadi iseme kila kitu. Akakusanya ndoto za watu wa kawaida. Hadi anafariki mwaka 1985 alikuwa na zaidi ya 50,000. Mwaka 1966 yeye na Robert Van de Castle walitoa utaratibu wa kuzihesabu, wakianzia na ndoto 1,000 za wanafunzi, wanaume 100 na wanawake 100, tano kila mmoja. Nani yumo? Nani anamtendea nani wema au ubaya? Mikosi mingapi, mafanikio mangapi? Walichokiona ni kwamba ndoto za mtu zikiwa nyingi zinafanana na mashaka yake ya mchana, na hubaki hivyo kwa miaka. Ndoto moja inaweza kukudanganya. Ndoto thelathini zikikurudia na jambo moja, lisikilize.

Sikununua daftari. Nilipindua lile la madeni nikaanza kuandika ndoto kutoka nyuma, madeni yakiendelea kutoka mbele. Kazi yetu imenisaidia bila kujua: siku za uvuvi huamka saa kumi alfajiri kuwahi boti, saa ileile ambayo ndoto zimenona. Kwenye mbalamwezi wavuvi wanapumzika, taa zao hazivuti dagaa, nami nalala hadi jua litoke. Ndoto nyingi hunipotea. Kwa hiyo kama unataka kukumbuka, usiinuke ghafla. Tulia katika ubavu uleule ulioamkia, ivute ndoto kutoka mwisho kwenda mwanzo, andika maneno matano hata gizani. Usishike simu kwanza. Ujumbe mmoja tu wa mtu na ndoto imekwisha.

Ninaandika vitu vitatu: kilichotokea, nilivyojisikia, na jana yake kulikuwa na nini. Baada ya hapo sifasiri. Hili ni gumu kuliko lilivyo kwenye maandishi, maana mkono unawasha kutaka kuweka maana.

Hadi ziwa linafunguliwa nilikuwa na ndoto 41. Nikakaa nazo jioni moja na kalamu nyekundu. Maji yamo kwenye 17, na hilo halikunishangaza, mtu wa ziwa ataota nini. Yule mwanamke yumo kwenye nne tu, na katika mojawapo ananisaidia kubeba beseni. Hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa, kwa sababu haikulingana na nilichotaka kuamini. Kilichonishtua ni kitendo changu mwenyewe. Ndoto baada ya ndoto nakusanya, nachota, nabeba, nakimbiza kitu. Niliyokaa chini ilikuwa moja, na hata hiyo nilikuwa nimekaa garini nikienda kumletea mtu mzigo.

Freud alinipa chanzo cha kiatu, Jung akanipa swali, lakini bila daftari ningeweza kusema yote hayo nimejitungia. Daftari lilinionyesha mkono wangu mwenyewe mara 41. Upungufu wake ni subira. Ukitaka jibu kesho, halikufai. Na haliwezi kukuliwaza usiku wa ndoto mbaya. Liko pale mezani, linasubiri asubuhi.

Sasa upeleke wapi yako?

Kama ni ndoto ya kutisha iliyokuja mara moja, fanya alivyosema shehe, au dua ya dini yako, ulale. Usiihubiri kwa watu.

Kama ndani yake kuna mtu unayemchukia, na huwezi kueleza sawasawa kwa nini, jaribu maneno matatu na swali la Jung. Nusu saa inatosha, na huhitaji mtaalamu.

Kama ni ndoto moja iliyokuliza bila kujua sababu, kipande kimoja kinachoma kama kiatu changu, hapo kusema lolote linalokuja kunafaa. Mtafute mtu asiyetoa siri na asiyekimbilia kukupa jibu. Daktari Mmarekani, Montague Ullman, aliyewafundisha watu kusimuliana ndoto kwenye vikundi, aliwawekea sharti zuri: yeyote anayetaka kusema kitu juu ya ndoto ya mwenzake aanze na "kama ingekuwa ndoto yangu". Tumelijaribu mwaloni tukisubiri boti, wanawake watano. Mama mdogo lilimshinda mwanzoni. Siku alipoweza alisema, "Kama ingekuwa ndoto yangu, ningekuwa nimechoka." Tukanyamaza wote.

Kama umeachika au umefiwa na unamwota aliyeondoka, usiogope na usizikimbie ndoto hizo. Mtafiti wa usingizi, Rosalind Cartwright wa Chicago, aliwafuatilia watu waliokuwa wakiachana na wenzi wao wakiwa na huzuni kubwa, akaona waliowaota wenzi hao kwa hisia na kwa hadithi yenye mwendo ndio waliokuwa na hali nzuri zaidi baadaye. Ziandike.

Na kama ni jinamizi lilelile, usiku baada ya usiku, la jambo lililotokea kweli, hapo tafsiri haina kazi. Mkoa wetu una watu wengi wa namna hiyo. Kambi ya Nyarugusu huko Kasulu ipo tangu 1996, imepokea waliokimbia vita Kongo na baadaye Burundi, na wengine tunauziana nao sokoni bila kujua wanaona nini usiku. Ipo njia iliyopimwa, ambayo daktari Barry Krakow na wenzake walichapisha matokeo yake mwaka 2001: mtu akiwa macho, mchana, anaiandika upya ndoto ile akiibadilisha apendavyo, kisha anaipitia akilini ile mpya dakika chache kila siku. Ndoto mbaya hupungua. Inasikika kama jambo dogo. Ila aliyebebwa na mambo mazito aianze akiwa na mhudumu wa afya ya akili, aulize hospitali ya mkoa au kituo cha kambini, kwa sababu kumbukumbu nyingine haziguswi bila mtu wa kushika mkono.

Kwa wengine wote, wenye ndoto za kawaida tu za kuchelewa treni na kupoteza funguo, nasema daftari. Mwezi mmoja.

Ziwa lilipofunguliwa Agosti nilimkuta yule mwenzangu chini ya mwembe na sahani yake. Nikamsalimia, "Za siku nyingi, dada." Akaniangalia, akasogea kidogo kwenye gogo. Nilikaa. Sikumwambia habari ya kiatu hadi leo.

Kwenye daftari zimebaki kurasa sita katikati, kati ya deni la mwisho na ndoto ya jana.